Kushiba si kulishwa: mama anayeuza unga ili anunue ndagala asiitwe mwizi

UVIRA – Kila mara chakula kinapogawiwa kwa watu waliohama, kesho yake maneno huanza sokoni. "Unga wa msaada umeshafika kwenye meza za wachuuzi. Basi hawana njaa hao." Maneno hayo husemwa Kavimvira, husemwa Kalundu, husemwa hata ng'ambo ya mpaka, Burundi, ambako maelfu ya watu wa tambarare ya Ruzizi na wa mji wa Uvira walikimbilia mwaka 2025, vita viliposhuka kutoka Bukavu na mwezi wa Desemba vikaingia Uvira. Familia iliyopokea mfuko wa unga asubuhi, jioni inaonekana ikimpimia mchuuzi makopo mawili matatu. Wenyeji wananuna. Wagawaji wanaandika katika ripoti kwamba msaada unauzwa. Mama mwenyewe anaona haya na anafunika beseni lake kwa kitenge.

Ni watu wachache wanaouliza swali la pili: pesa ile imeenda wapi? Iko pesa iliyoenda kwenye pombe, hilo halifichwi. Ila mara nyingi ukimfuata mama yule hatua ishirini tu, utamkuta kwa muuza ndagala. Kisha kwa mwenye chumvi. Kisha, kama franka zimebaki, kwenye mafungu ya lengalenga. Mama huyo hakuharibu msaada. Ameusahihisha. Amefanya kwa akili ya jikoni hesabu ambayo wataalamu wenye kompyuta wanaijua vizuri, lakini ambayo foleni ya ugawaji huisahau: chakula cha kushibisha na chakula cha kujenga mwili ni vitu viwili, na kimoja hakishiki nafasi ya kingine.

Madini yasiyochimbwa kwa sururu

Ukitamka neno "madini" katika Kivu ya Kusini, hakuna anayefikiri juu ya sufuria. Watu hufikiri dhahabu ya Misisi na Kamituga, kasiterite, koltani, mashimo na watu wenye bunduki. Muuguzi anapowaambia akina mama kwamba watoto wao wanakosa madini, wako wanaocheka, na mtu hawezi kuwalaumu. Katika jimbo ambalo madini yamewafukuza watu vijijini, nani angedhani kwamba mtoto anaweza kuugua kwa kuyakosa?

Lakini neno ni lile lile. Chuma kilicho ndani ya damu ni chuma kile kile cha jembe, isipokuwa kiasi chake ni kidogo sana. Kalsiamu ya mifupa imo pia ndani ya chokaa. Madini ya chakula hutoka kwenye udongo na maji, hupanda kwenye majani na mbegu, huingia ndani ya samaki na mnyama, na mwishoni hufika sahanini. Mwili wa mtu hauwezi kuyatengeneza. Yasipoliwa, hayapo.

Wanga ni habari nyingine. Wanga ni kile kinachojaa ndani ya muhogo, mahindi, mchele, ndizi, viazi na miwa. Mmea hautoi wanga udongoni: huutengeneza wenyewe kwa hewa, maji na mwanga wa jua. Mtu akiula, mwili unauvunja kuwa sukari na kuuchoma kama kuni. Gramu moja ya wanga hutoa karibu kilokalori 4. Ndiyo nguvu ya kulima, ya kubeba maji kutoka ziwani, ya kusukuma mkokoteni, hata ya moyo kupiga mtu akiwa usingizini.

Madini hayatoi kilokalori hata moja. Mtu akila chumvi kilo nzima hatapata nguvu ya kuinua kijiko. Kazi yake ni nyingine. Chuma hubeba hewa ndani ya damu. Kalsiamu hukaza mifupa na meno. Zinki humsaidia mtoto kukua, kidonda kupona na mwili kushindana na magonjwa. Iodini huliwezesha tezi la shingoni kufanya kazi, na kwa mtoto aliye tumboni hujenga ubongo. Sodiamu na potasiamu hushika maji mwilini na kuendesha misuli na mishipa ya fahamu.

Vijana wa pikipiki wataelewa haraka. Wanga ni mafuta ndani ya tangi. Madini ni buji, ni nati, ni mnyororo. Tangi likijaa na buji imekufa, pikipiki haiwaki. Buji ikiwa mpya na tangi ni kavu, haiendi pia. Hakuna fundi atakayemwambia mteja aongeze mafuta kwa sababu mnyororo umekatika.

Iko tofauti nyingine, na ndiyo inayodanganya watu. Njaa ya wanga hupiga kelele. Tumbo linaunguruma, mtoto analia, baba anakasirika, usingizi hauji. Njaa ya madini hainguruni. Mtoto anakula bugali, anashiba, analala. Miezi inapita. Viganja vyake vinapauka, anachoka haraka, darasani anasinzia, kila kuhara kunamlaza siku nyingi, urefu wake unabaki nyuma ya wenzake. Mama anasema, "Huyu mtoto ni mvivu tu." Siyo uvivu. Mara nyingi ni upungufu wa damu, na upungufu wa chuma ni mojawapo ya sababu zake kubwa, pamoja na malaria na minyoo.

Kwa hiyo familia inapokosa pesa, kinachokatwa kwanza ni kile ambacho tumbo halikidai. Unga unabaki, ndagala inaondoka. Hivyo ndivyo umaskini unavyofanya kazi sahanini, kwa wenyeji na kwa waliohama vilevile.

Hesabu ya 2,100

Mashirika ya msaada yana namba moja inayojulikana duniani kote: kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Ni kipimo cha kuanzia wakati wa dharura. Viwango hivyo hivyo vinataja pia protini, mafuta, vitamini na madini, wataalamu hawakusahau. Ndiyo maana mgawo kamili wa PAM una nafaka, maharagi, mafuta yaliyoongezewa vitamini A, na chumvi yenye iodini. Kwenye karatasi, mgawo huo una akili.

Tatizo linaanza pesa za wafadhili zinapopungua, barabara inapofungwa, au lori linapofika nusu. Kinachofika ni unga, kwa sababu unga ni rahisi kusafirisha, hauozi haraka na unajaza macho. Maharagi yanakuja mwezi ujao. Mafuta yamepungua. Chumvi imesahaulika. Na kwa kuwa kipimo kinachotajwa redioni na kwenye mikutano ni kilo za unga, kila mtu anaona kazi imefanyika.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gramu 100 za unga mkavu wa muhogo hutoa karibu kilokalori 340. Gramu mia sita na ushee kwa siku zinatosha kufikisha zile 2,100. Kwa hiyo mtu anaweza kula bugali wa muhogo peke yake, bila kitoweo, na kwenye karatasi akahesabiwa kuwa amelishwa. Lakini unga ule ni wanga karibu wote. Protini yake ni kidogo mno, gramu moja au mbili tu katika kila mia, na chuma na zinki zilizomo hazimtoshi mtoto anayekua. Mahindi yana protini zaidi, lakini ndani yake kuna kitu kinachoishika zinki na chuma ili visiingie vyote mwilini.

Katika Kivu jambo hili lina jina la zamani: bwaki. Watoto wanaovimba miguu na uso, nywele zikageuka rangi, ngozi ikabanduka. Mtu asiyejua akimwona mtoto huyo husema amenenepa. Kumbe ni maji, siyo nyama. Madaktari waliokuwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, waliwatibu na kuwachunguza watoto wa bwaki tangu enzi za ukoloni. Bwaki siyo ugonjwa wa madini peke yake. Protini iko katikati yake, na maradhi mengine huuchochea. Lakini hufuata sahani ile ile: wanga mwingi, kitoweo hakuna. Na samaki mdogo mkavu huleta vyote viwili pamoja, protini na madini.

Somo la Idjwi

Asiyeamini kwamba muhogo na madini vinaweza kugombana mwilini, aangalie kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, jimbo hili hili. Katika miaka ya 1960 watafiti Delange, Thilly na Ermans walichunguza kwa nini watu wengi wa kisiwa kile walikuwa na uvimbe wa tezi shingoni, ule unaoitwa rovu. Sababu ya kwanza ilijulikana: udongo na maji ya pale yana iodini kidogo sana. Lakini kulikuwa na fumbo. Upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Na iodini ilikuwa pungufu pande zote mbili sawasawa.

Uchunguzi wao na uliofuata ulionyesha kwamba muhogo una sehemu yake. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya asili. Usipoloweshwa vizuri na kukaushwa, sumu hiyo inaingia mwilini. Mwili unajitetea kwa kuigeuza kuwa kitu kingine chenye ukali mdogo, lakini kitu hicho kinaizuia iodini isiingie kwenye tezi. Kwa hiyo mtu mwenye iodini ya kutosha anaweza kula muhogo kila siku asipate rovu. Mtu mwenye iodini kidogo, muhogo unamwongezea shida. Katika Idjwi walizaliwa pia watoto ambao akili na miili yao haikukua kwa sababu mama zao walikosa iodini wakati wa mimba. Madhara hayo hayarudi nyuma. Hakuna bugali wala dawa inayoyafuta baadaye.

Somo hilo linaihusu Uvira leo kwa njia mbili. Kwanza, mtu aliyehama hana muda wala pipa la kulowesha muhogo siku tatu au nne kama alivyofanya nyumbani. Analowesha usiku mmoja, anakausha juu ya paa la jirani, anasaga. Mkimbizi anajua kulowesha. Anachokosa ni chombo, maji na mahali pa kuanika bila kuibiwa. Pili, watu wa ufuko hujidanganya kwamba samaki wa ziwa wanatosha kwa kila kitu. Ziwa Tanganyika siyo bahari. Samaki wa baharini wana iodini nyingi. Samaki wa maji matamu wana kidogo. Ndagala ni nzuri kwa kalsiamu, chuma na zinki, lakini haichukui nafasi ya chumvi yenye iodini.

Na chumvi yenyewe ina historia katika ziwa hili. Chumvi ya Uvinza, upande wa Tanzania, iliuzwa kuzunguka ufuko miaka mingi kabla ya Mzungu kufika. Ilikuwa chumvi nzuri ya kuonja, lakini chumvi ya chemchemi za bara haina iodini ya kutosha mpaka iongezwe kiwandani. Kwa hiyo mnunuzi asitazame weupe wala bei tu. Aangalie kama pakiti imeandikwa sel iodé. Na akiileta nyumbani asiiache wazi juu ya meza, kwenye jua au mvuke wa jiko: iodini hupotea. Iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko, na itiwe kwenye mboga karibu na mwisho wa kupika. Haihitajiki nyingi. Kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mzima ndicho kikomo, na kupita hapo ni kukaribisha presha.

Ushahidi uko ndani ya pakiti ya ORS

Kama kuna mji unaojua kwa vitendo tofauti ya wanga na madini, basi ni Uvira. Kipindupindu hakijawahi kuupa mji huu mapumziko marefu. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobeba nyumba na kuharibu mabomba ya maji, na kila wakati ziwa linapopanda na vyoo vikazama, hofu ya kwanza ya kila mama ni kuhara. Na jibu la kwanza anajua: pakiti ya ORS ndani ya lita moja ya maji safi.

Ndani ya pakiti ile kuna nini? Kwa lita moja kuna gramu 13.5 za glukosi, ambayo ni wanga katika umbo lake jepesi kabisa. Mengine ni chumvi za madini: gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Kuhara kumeyatoa mwilini maji na madini yale. Mtu akinywa maji matupu, yanapita tu. Akinywa chumvi peke yake, utumbo hauivuti vizuri. Glukosi ndiyo inayofungua mlango ili sodiamu iingie, na maji yanaifuata. Wanga na madini, kila kimoja na kazi yake, ndani ya lita moja. Pakiti ikikosekana, sukari vijiko sita vya chai vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko, ndani ya lita moja ya maji safi, ni msaada wa haraka wakati mgonjwa anapelekwa kituoni.

Pamoja na pakiti hiyo, mtoto anayehara hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi sita. Mama wengi wanaviacha siku ya tatu kuhara kunapokoma. Wasiviache. Zinki ile inarudisha kile kilichopotea na kumlinda mtoto miezi inayofuata.

Hakuna mganga Uvira anayeweza kutoa sukari peke yake kwa mgonjwa wa kipindupindu akasema amemaliza kazi. Kwa nini basi mtu aone sawa kutoa unga peke yake kwa familia na kusema imelishwa?

Hoja ya pesa

Wako watakaojibu kwamba haya ni maneno ya watu walioshiba. Familia ya watu wanane yenye franka elfu chache kwa siku inanunua nini? Inanunua kinachojaza matumbo manane. Hoja hii ni ya kweli, na hakuna muuguzi wala mwandishi mwenye haki ya kuidharau. Mtoto asiye na wanga wa kutosha, mwili wake huanza kuchoma protini ya misuli yake ili uishi. Kumnyima bugali ili anunuliwe samaki ni kosa pia. Ndiyo maana kosa la kwanza siyo la mama. Kosa ni la mgawo uliomfikia nusu.

Lakini hata ndani ya umaskini kuna nafasi ndogo ya kuchagua, na nafasi hiyo ndiyo inayostahili kuzungumzwa. Kwa kuwa madini yanahitajika kwa kiasi kidogo, hayahitaji sahani nzima. Kiganja kimoja cha ndagala kavu, ikapondwa na kichwa na miba yake yote na kutiwa ndani ya mboga ya familia, ni bora kuliko mukeke mmoja mkubwa wa Jumapili ambaye baba anakula nyama na miba inatupwa. Kalsiamu iko ndani ya ile miba. Ndagala ina faida kwa sababu inaliwa nzima. Kwa mtoto aliyepita miezi sita, ndagala iliyooshwa mchanga, ikakaushwa tena na kusagwa kuwa unga, inaingia ndani ya uji kwa kijiko kimoja na haimkwami kooni.

Lengalenga na sombe nazo zina madini, na madini hayaungui kwa moto. Yanachofanya ni kutoka na kuingia majini. Kwa hiyo maji ya lengalenga yasimwagwe. Yabaki kuwa mchuzi. Sombe ni tofauti: ipondwe sana na ichemshwe muda mrefu bila mfuniko, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ile ile ya mzizi. Maharagi yaloweshwe usiku kucha, yanatoa chuma na zinki kwa urahisi zaidi na yanaokoa makaa. Nyanya au limau kwenye chakula husaidia chuma cha majani na maharagi kuingia mwilini. Chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Bora isubiri saa moja.

Na akina mama wajawazito wanaokula udongo mweupe unaouzwa sokoni wanastahili kuelezwa bila kuchekwa. Hamu ile mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Lakini udongo haulipi deni hilo. Tumboni unaweza hata kushika chuma cha chakula kisiingie. Vidonge vya chuma vinavyotolewa kwenye kliniki ya wajawazito ndivyo vinavyolipa.

Kinachopasa kubadilika

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri amani kamili, ingawa amani ndiyo dawa kubwa.

La kwanza, wagawaji wa msaada, wa kanisa au wa shirika kubwa, wasitangaze kilo za unga peke yake. Watangaze mgawo wote: unga kiasi gani, maharagi kiasi gani, mafuta, chumvi. Kama chumvi haikuja, isemwe kwamba haikuja. Watu waliohama wakijua wanachopaswa kupata, watauliza. Na kinachoulizwa hakipotei kirahisi.

La pili, pale ambapo soko linafanya kazi, sehemu ya msaada itolewe kwa pesa au kwa kuponi inayokubaliwa na wauza samaki na mboga wa hapa hapa. Kuna ajabu kubwa katika kumletea mtu wa ufuko wa Tanganyika unga kutoka mbali, huku mama wa Kalundu na Makobola wakianika ndagala mchangani wakikosa wanunuzi wenye pesa. Franka ile ile ingelisha nyumba mbili.

La tatu, viongozi wa pande zote nne za ziwa wafikirie sahani wanapofunga uvuvi. Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, kupumzisha ziwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024. Kupumzisha ziwa ni haki, kwa sababu nyavu za macho madogo zimelimaliza na watoto wa kesho nao watahitaji ndagala. Lakini miezi mitatu bila ndagala, kwa familia isiyo na akiba, ni miezi mitatu ya wanga mtupu. Kabla ya kufunga, ndagala nyingi ikaushwe vizuri juu ya vichanja, ihifadhiwe mahali pakavu, na vituo vya afya na makambi vipate sehemu yao.

La nne ni la wenyeji. Kupokea watu waliohama kumeichosha Uvira, hakuna anayekataa. Nyumba ya watu sita inalaza kumi na tano. Lakini mwenyeji aliyekimbia maji ya Mulongwe mwaka 2020 anajua ladha ya kula kitu kimoja kila siku. Anapomwona mgeni wake akipima unga kwa mchuuzi, asikimbilie kumshtaki kwa mkubwa wa kata. Amtazame kwanza anaelekea wapi.

Akielekea kwenye pombe, wazee wamwite wamsemeshe. Akielekea kwa muuza ndagala, apishwe njia. Mama huyo ametoa makopo mawili ya kuni ili apate buji. Usiku ule watoto wake watakula bugali mdogo kidogo kuliko jana, lakini ndani ya mboga kutakuwa na miba iliyopondwa, na chumvi ya kopo lenye kifuniko. Aliyepaswa kuona haya ni yule aliyepeleka unga mtupu na kuandika kwamba familia imelishwa.